Maji Yakijaa Hupwa



Ndugu msomaji, katika methali za wahenga hakuna niipendayo zaidi ya hii: maji yakijaa hupwa. Aghalabu huambiwa aliyefikwa na dhiki ili aliwazike, ilhali maneno yake hayamtaji aliyepwelewa. Yanamtaja yule ambaye maji yamemjaa.

Watu wa pwani walijua walisemalo. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50 kuliko jana. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua, na Unguja tofauti ya kujaa na kupwa hufika takriban mita 4. Yanapojaa sana ndipo yanapopwa sana. Akina mama wa Paje na Jambiani hawalisikitikii hilo. Huingojea bamvua ili maji yakitoka washuke katika mashamba yao ya mwani.

Waislamu walishinda Badri mwaka wa 2 Hijria. Mwaka uliofuata wakafikwa na msiba wa Uhud. Ndipo walipofundishwa, katika Surat Aal Imran aya ya 140, kwamba siku kama hizo huzungushwa kwa zamu baina ya watu.

Tuyalete haya majumbani. Baba aliyezoea kuleta nyama kila wiki, biashara inapolegea, mara nyingi huona bora akope kwa riba kuliko kumwambia mkewe kwamba mwezi huu hakuna. Idi ikikaribia deni huongezeka, kwa kuwa watoto wa jirani wamekwisha kushonewa. (Fundi cherehani naye hakopeshi siku hizi.) Sheria yetu haikumtwisha mzigo huo. Surat At-Talaq, aya ya 7, inamtaka mwenye wasaa atoe kwa wasaa wake, na mwenye riziki finyu atoe katika alichopewa. Nafaka ikipungua kwa sababu hiyo mume si mkosefu, maadamu amesema kweli na hakuficha kilichopo.

Mke mwenye mali yake halazimiki kuitoa. Akitoa kwa radhi yake, Mtume (S.A.W.) alikwisha kumjibu Zainab, mke wa Abdullah bin Mas'ud, kuwa ana ujira mara mbili: wa ujamaa na wa sadaka. Akikopesha, ni deni, na deni liandikwe hata baina ya mume na mke.

Lakini mazungumzo hayo ni mazito kuyaanza ufuko umekwisha kukauka. Wakati wake ni huu ambapo duka lina wateja na mshahara unaingia. Wakae wawili, watoto wamelala, wakubaliane kipi kitaondoka kwanza kipato kikipungua, na kipi hakitaguswa: ada ya madrasa, kwa mfano, au unga anaopelekewa mama mkwe kila mwisho wa mwezi.