Pole na Hongera: Nafasi ya Sanaa katika Kumliwaza Mzazi

Wahenga walinena kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Methali hii hutajwa aghalabu pale mama anapomlilia mwanawe au anapomtetea, na hapana anayeweza kuutilia shaka ukweli wake. Hata hivyo, methali nayo yaweza kugeuzwa kisingizio. Ikiwa uchungu huo aujuaye ni mzazi peke yake, basi wengine hawana haja ya kuuliza. Kazi yao ni kupiga vigelegele, kumpakata mtoto, kumtafutia jina na kwenda zao. Mzazi huachwa na ujuzi wake. Kwa yule aliyejifungua bila tatizo, huenda kimya hicho kisiwe na madhara makubwa. Kwa yule aliyeponea chupuchupu, kimya hicho ni jeraha la pili.

Lugha ya Kiswahili yenyewe imelitambua jambo hili kwa namna mbili. Kwanza, haisemi tu kwamba mwanamke amezaa. Husema kwamba amejifungua, kana kwamba alikuwa kifungoni na sasa fundo limelegea. Pili, miongoni mwa Waswahili wengi, anayekwenda kumwona mzazi humwambia "pole na hongera" kwa pumzi moja: pole kwa yaliyompata, hongera kwa alichokipata. Tatizo la leo ni kwamba hongera imebaki na pole imesahaulika. Yuko mama aliyekaa na uchungu siku mbili kabla ya kufikishwa hospitalini. Yuko aliyevuja damu hata akazirai. Yuko aliyeshikwa na kifafa cha mimba. Yuko aliyepasuliwa kwa dharura bila kuelezwa kinachotendeka. Na yuko aliyerejea nyumbani mikono mitupu. Miili yao imefunguliwa, ila nafsi zao zingali zimefungwa. Makala haya yanashikilia kwamba shughuli za sanaa, yaani kuimba, kutunga, kusuka, kufuma na kuchora, zina nafasi katika kulilegeza fundo hilo la pili, na kwamba wanafunzi wa Kiswahili wana deni la kulipa katika kazi hiyo.

Si haki kulaumu bila kutambua hatua zilizopigwa. Mnamo Juni 2013 serikali ya Kenya iliondoa ada za kujifungulia katika vituo vya afya vya umma. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya ulionyesha kwamba sehemu ya watoto wanaozaliwa katika vituo vya afya ilipanda kutoka asilimia 61 katika ripoti ya mwaka 2014 hadi asilimia 82 katika ile ya mwaka 2022. Hayo ni maendeleo makubwa. Hata hivyo, sensa ya mwaka 2019 ilikadiria kwamba akina mama 355 walikuwa wakifariki kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa wakiwa hai. Wanaofariki huhesabiwa, na ni wajibu wahesabiwe. Wale waliofika ukingoni mwa kaburi wakarudi hawatajwi sana. Huambiwa wamshukuru Mungu, nao humshukuru kwa dhati, lakini usiku hawalali.

Baada ya kujifungua, mama humpeleka mtoto kliniki. Mtoto huchanjwa akiwa na umri wa wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Hupimwa uzito, na uzito huo huandikwa kitabuni. Mama naye huulizwa kama ananyonyesha na kama amechagua njia ya kupanga uzazi. Hayo yote ni muhimu, lakini ni nadra kuulizwa kama bado anasikia sauti za chumba cha kujifungulia, kama anamwogopa mtoto wake mwenyewe, au kama anajilaumu. Kipimo cha maswali 10 cha kutambua huzuni ya uzazi kilibuniwa nchini Scotland mwaka 1987, na kimetumiwa katika mataifa mengi tangu wakati huo. Kwa hiyo maarifa ya kumtambua mama aliyelemewa yapo. Kinachokosekana ni wakati, mtu wa kuuliza, na mahali pa kumpeleka mama baada ya kuulizwa.

Yamkini atatokea msomaji aseme kwamba jamii zetu zilikuwa na mahali hapo tangu jadi. Hilo ni kweli, ingawa si kweli yote. Katika pwani, mzazi alitengewa siku arobaini. Alikandwa kwa maji ya moto, akapikiwa uji wenye pilipili manga, na mwanamke mzima akakaa naye usiku na mchana. Miongoni mwa Wagikuyu, vigelegele vitano vilitangaza kuzaliwa kwa mvulana, na vitatu kuzaliwa kwa msichana. Mwanamke hakujifungua peke yake. Kijiji kizima kilijua na kikaitikia kwa sauti. Leo wengi hutoka hospitalini wakarejea katika chumba kimoja cha kupanga mjini, ambako mume huondoka alfajiri kutafuta riziki na jirani hajulikani hata kwa jina. Arobaini imebaki neno tu. Lakini hata zamani palikuwa na pengo: vigelegele vitano na vitatu vilikuwa vya mtoto aliye hai. Mama aliyempoteza mtoto alipigiwa vingapi? Mara nyingi alifunikwa kwa kimya na kushauriwa asahau, kwani angali kijana na atapata mwingine.

Swali linalofuata ni kwa nini sanaa, wala si mazungumzo ya kawaida. Jibu la kwanza ni kwamba maumivu ya aina hii hayasemeki kwa urahisi. Wataalamu wa afya ya akili wametambua kwamba kumkalisha mtu aliyepatwa na kitisho na kumshurutisha asimulie kila kitu mara moja hakumkingi na madhara ya baadaye. Mtu huhitaji njia ya kuzunguka, asogelee jambo lake kwa kadiri ya nguvu zake, na arudi nyuma akitaka. Njia hiyo ya kuzunguka ndiyo sanaa, na katika Kiswahili ina jina la kale: fumbo.

Ithibati imo katika fasihi simulizi yenyewe. Wanafunzi wa shule za upili hufunzwa kwamba bembelezi ni wimbo wa kumtuliza mtoto alale. Maelezo hayo ni sahihi lakini ni nusu. Mtoto mchanga haelewi maneno. Hutulizwa na sauti na mdundo. Maneno, basi, ni ya nani? Ni ya mwimbaji. Ndani ya bembelezi nyingi za jamii zetu mna malalamiko kuhusu uchovu, upweke, njaa, na baba aliyekwenda mbali. Mama humwimbia mtoto, lakini hujisemea mwenyewe, na kwa kuwa ni wimbo tu, hapana wa kumshtaki.

Kanga nayo hufanya kazi hiyo hiyo. Pindo huizunguka, mji hukaa katikati, lakini jina, yaani maandishi, ndilo humsemea mvaaji jambo ambalo ulimi wake umelikataa. Aidha, wapenzi wa ushairi wanakumbuka kwamba Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia binti yake utendi mnamo 1858 akiwa mgonjwa. Mama aliyekuwa katika udhaifu wa mwili aliikimbilia sanaa ili aseme lililokuwa moyoni. Kwa hiyo wanaodhani kwamba sanaa kwa mgonjwa ni wazo geni la kuletwa kwa ndege hawajaisoma fasihi yao wenyewe.

Wanaotaka ushahidi wa kisayansi nao hawajanyimwa. Mwaka 2018 jarida moja la Uingereza la taaluma ya magonjwa ya akili lilichapisha utafiti wa Daisy Fancourt na Rosie Perkins uliowahusisha akina mama 134 wenye dalili za huzuni ya uzazi. Waligawanywa katika makundi matatu: wa kwanza waliimba pamoja na watoto wao kwa wiki 10, wa pili walishiriki michezo ya ubunifu, na wa tatu waliendelea na huduma za kawaida. Makundi yote yalipata nafuu kadiri wiki zilivyopita. Tofauti ilikuwa katika kasi: miongoni mwa wenye dalili nzito, waliokuwa wakiimba walipata nafuu mapema zaidi, na jambo hilo lilionekana katika wiki 6 za kwanza. Huenda mtu akasema kwamba kasi si kitu. Kwa mtoto wa miezi miwili anayeutegemea uso wa mamake ili aujue ulimwengu, mwezi mmoja ni sehemu kubwa ya maisha yake.

Wala si lazima mifano itoke Ulaya. Huko Gambia, katika Afrika Magharibi, kuna vikundi vya wanawake viitwavyo Kanyeleng. Wanachama wake ni wanawake waliochelewa kupata watoto au waliofiwa na watoto wao. Hukutana wakaimba, wakacheza ngoma, wakafanya mizaha ambayo mwanamke mwingine asingethubutu kuifanya hadharani. Katika miaka ya karibuni watafiti wameshirikiana nao kuwaongoza wajawazito katika uimbaji, ili kuchunguza kama nyimbo zaweza kupunguza wasiwasi na huzuni. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba jamii hiyo ilimpa mama aliyefiwa kikundi, wimbo na heshima. Pengo la vigelegele lilizibwa kwa sauti.

Pingamizi kubwa zaidi ni la umaskini. Je, ni busara kuzungumzia nyimbo na ushanga ilhali kuna wodi ambamo akina mama wawili hulala kitanda kimoja, na familia huambiwa zitafute damu? Pingamizi hili ni zito na halipaswi kupuuzwa. Wimbo hauzuii damu, na kiondo hakitibu kifafa cha mimba. Kiongozi atakayenunua ngoma badala ya damu atakuwa ametenda dhambi. Lakini hoja hiyo hukosea inapodhani kwamba vitu hivi viwili hugombea fungu moja. Damu ni gharama. Benchi la kliniki tayari lipo, na akina mama tayari wameketi juu yake kwa saa nzima au zaidi wakisubiri chanjo. Sauti wanazo. Ujuzi wa kusuka ukili pwani, kufuma viondo Ukambani na kutunga ushanga Umasaini na Usamburuni wanao. Kinachohitajika ni mtu wa kuwaambia kwamba saa hiyo ya kungoja ni yao.

Hata hivyo, jambo jema likifanywa ovyo huumiza. Mama aliyempoteza mtoto asiketishwe miongoni mwa wanaonyonyesha. Awe na kikundi chake. Asiyetaka kuimba asilazimishwe, kwani kusikiliza nako ni kushiriki. Kazi zao zisigeuzwe mashindano wala maonyesho ya kuwafurahisha wageni wa heshima, na picha ya mtu isitundikwe ukutani bila idhini yake. Zaidi ya yote, sanaa isichukuliwe kuwa mbadala wa tiba. Mama anayesema kwamba anatamani kufa, au anayesikia sauti zikimwamuru amdhuru mtoto, hahitaji wimbo kwanza; anahitaji daktari siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kila kikundi lazima kiwe na muuguzi anayekijua na mahali panapojulikana pa kumpeleka mgonjwa.

Je, haya yanawahusu vipi wanafunzi wa Kiswahili? Kila mwaka wao huenda nyanjani na vinasa sauti, wakawarekodi akina mama na mabibi, wakarejea chuoni na bembelezi za kutosha kujaza tasnifu. Nyimbo hizo huainishwa, hupewa sifa na dhima, hutahiniwa, kisha hulala katika makabati. Mwanamke aliyeimba haoni faida yoyote. Ikiwa fasihi simulizi ni mali ya jamii, basi irudishwe kwenye jamii. Chama cha Kiswahili kinachoweza kuandaa tamthilia na mashindano ya ushairi kinaweza pia kushirikiana na kituo cha afya kilicho karibu: kukusanya bembelezi za lugha mbalimbali na kuzirudisha kliniki, kuwasaidia akina mama kutunga majina ya kanga yao wenyewe, na kuandika wanayoyasema kwa lugha yao kwa wanaotaka yaandikwe.

Vilevile, kuna kazi ya msamiati ambayo daktari hawezi kuifanya peke yake. Mama wa kijijini hatasema kwamba ana sonona. Atasema moyo wake ni mzito, au mawazo yamemzidi, au hamwoni mtoto kuwa wake. Muuguzi asiyezijua kauli hizi atamwandikia dawa ya kichwa. Mwanafunzi aliyesomea semantiki na pragmatiki anaweza kumsaidia muuguzi huyo kuusikia ugonjwa ndani ya maneno ya kawaida. Huo nao ni utumishi, na pengine ni mkubwa kuliko kubishana kuhusu asili ya neno.

Uchungu wa mwana, naam, aujuaye ni mzazi. Lakini anayejua anaweza kusema, na anayesema huhitaji mwitikiaji, kama vile wimbo wa kiitikio usivyokamilika kwa sauti ya mtu mmoja. Hospitali zimejitahidi kumfungua mama mwili wake, na zizidi kujitahidi. Fundo lililobaki halihitaji kisu. Jamii ikijifunza tena kutamka maneno yote mawili, pole kabla ya hongera, na ikampa mama wimbo wa kuyapokelea, hapo ndipo itakapostahiki kusema kwamba amejifungua salama.