Sanduku la Mbao na Amana za Nyumba



Ndugu wasomaji, katika nyumba nyingi za mwambao wetu, tangu Bunju hadi Bagamoyo na Saadani, hati ya kiwanja hukaa chini ya godoro, vyeti vya watoto ndani ya mfuko wa plastiki, na daftari la madeni juu ya kabati. Mwenye nyumba akifariki, warithi huanza kupekua. Wengi wanaofika mbele ya kamati za misikiti kutaka suluhu ya mirathi hawagombani kwa sababu marehemu alidhulumu. Wanagombana kwa sababu karatasi haionekani.

Wazee wetu walikuwa na kasha. Makasha yenye njumu za shaba yalifika kwa majahazi kutoka Bara Hindi, na ndani yake, upande mmoja, palikuwa na kijisanduku cha vitu vya thamani. Si lazima tununue kasha la namna hiyo. Baba na watoto wake wanaweza kutengeneza sanduku la kawaida uani, wakati wa likizo. Kazi hiyo ina heshima: Hadithi iliyopokewa na Muslim yatufahamisha kuwa Nabii Zakariya (a.s.) alikuwa seremala.

Mbao za mninga au mkongo hustahimili mchwa. Paini ni nafuu, lakini mchwa huipenda. Nunua kwa muuzaji mwenye stakabadhi halali, kwani mti uliokatwa kwa wizi haufai kuhifadhia amana. Mbao zikiwa mbichi zitapinda. Zipange kivulini, zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, hata zikauke.

Urefu wa sentimita 90, upana 45 na kimo 45 vyatosha. Kata kwa msumeno, lainisha kwa randa, kisha chonga kwa patasi meno ya kuingiliana katika pembe. Tia gundi, na kabla haijakauka pima kwa kamba kutoka pembe hadi pembe, pande zote mbili. Vipimo visipolingana, sukuma taratibu hata vilingane, la sivyo mfuniko hautakaa sawa. Hewa ya bahari hula chuma upesi, basi tumia skrubu na bawaba za shaba. Weka miguu ya kuliinua sanduku kutoka sakafuni, umande na mchwa visilifikie.

Watoto hupenda kujificha. Toboa matundu ya hewa nyuma, usitumie komeo linalojifunga lenyewe, na funga mnyororo wa kuuzuia mfuniko usiangukie vidole.

Sasa lililo kubwa zaidi ni kinachotiwa ndani. Suratul Baqara, aya ya 282, yatuamrisha kuyaandika madeni ya muda. Katika Hadithi ya Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili bila wosia wake kuwa umeandikwa. Basi kijisanduku cha ndani kiwe na wosia, orodha ya tunaowadai na wanaotudai, hati za ardhi, vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa. Amana ya jirani ifungwe peke yake na kuandikwa jina lake. Dhahabu ya mke nayo iandikwe jina la mwenyewe, kwani ni mali yake, isije ikahesabiwa katika tirka ya mume na kugawanywa.

Funguo ziwe mbili, mmoja kwa baba na wa pili kwa mama. Sanduku ambalo ufunguo wake hujulikana na mtu mmoja tu humzika pamoja na siri zake, na wanaobaki huishia kulivunja kwa shoka huku wakitazamana kwa shaka.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotekeleza amana, na azihifadhi familia zetu na fitina ya mali. Amin.