Kufuli ya Mlango wa Pili



Alfajiri ya Ijumaa, tarehe 20 Oktoba 2023, watu walifurika langoni mwa uwanja wa michezo wa Kericho, katika nchi ya chai, wakitaraji kupata nafasi kwenye sherehe za Siku ya Mashujaa. Sherehe hazijaanza, watu 4 walikuwa wamekwisha kufariki katika mkanyagano, na wengine wamejeruhiwa.

Husemwa upesi kwamba watu hawana subira. Hukumu hiyo naiona nyepesi. Aliye nyuma ya umati haoni lango. Huona mgongo wa aliye mbele yake, na akipata nafasi ya shubiri moja huijaza. Wakifanya hivyo watu mia tano, pasina nia mbaya, uzito wote humwelemea aliye mbele, naye hana pa kwenda. Wengi wanaokufa katika misongamano namna hiyo hubanwa kifua hali wamesimama, wasiweze kuvuta pumzi.

Na mlango una kipimo chake. Mwongozo wa viwanja vya michezo wa Uingereza huhesabu watu 82 kwa dakika kwa kila mita ya upana wa njia tambarare, na 66 kwenye ngazi. Kusukuma hakuongezi hata mmoja. Mabega hukwamana, kama mchele uliomiminwa kwa pupa kwenye mdomo wa chupa.

Nayaandika haya kwa sababu ya mlango wa wanawake katika msikiti ninaosali Idi. Upana wake ni mita moja kasoro, na nusu yake hujaa viatu. Basi hupita watu arubaini kwa dakika, nasi twafika mia nne, wengi na watoto mgongoni. Idi iliyopita nilitolewa nje miguu haigusi sakafu, mjukuu nimemwinua juu ya kichwa. Nilipomweleza mzee mmoja wa kamati, alinijibu kuwa wanawake hatuna utaratibu. (Wanaume wana milango mitatu.)

Ombi letu ni dogo: viatu viwekwe mbali na kizingiti, na mlango wa pili, ule wa upande wa kisima, ufunguliwe kabla khutba haijamalizika. Wenye watoto nasi tutakubali kuketi mpaka msongamano upungue. Na ukibanwa, dada yangu, kunja mikono mbele ya kifua, wala usiiname kuokota kiatu.

Mlango huo wa pili una kufuli. Nimeuliza, ufunguo anao muadhini.