Baraka: Wanaouza kompyuta ndogo za mezani waache kudanganya wahami

Mjini Baraka na kule Fizi-centre, kijana akipata pesa kidogo siku hizi wazo la kwanza ni kufungua sekretariati: kuandikisha barua, kutoa fotokopi, kuchapa picha. Wazo si baya. Tangu Bukavu ilipochukuliwa Februari 2025, wahami wa vita wamezidi, na kila familia ina karatasi inayotafuta, hasa ya shule ya watoto. Ubaya uko kwa wale wanaowauzia mashine. Wanaisifu kompyuta ndogo ya mezani, ile inayolingana na kitabu kinene, kana kwamba inafaa kila mtu. Haifai kila mtu.

Kwanza ipewe haki yake. Mahali ambapo umeme ni wa sola, ile ndogo inashinda lile sanduku kubwa la zamani, hata kama sanduku linaleta heshima mbele ya wateja. Wakati wa kuandika tu, ndogo inakula kama wati 20, na kioo chake wati 25. Betri ya sola ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1200, lakini ile ya asidi haifai kumalizwa kupita nusu. Kwa hiyo inabaki 600, na hiyo inatosha kazi ya saa 10 hivi. Sanduku kubwa pamoja na kioo chake linaweza kuimaliza kwa saa 4 au 5.

Kwa redio ya mtaa, shule, au sekretariati yenye mlango na kufuli, basi inunuliwe.

Lakini muuzaji hasemi kwamba mashine hiyo haina betri ndani. Sola ikikatika, barua isiyohifadhiwa imepotea. Hasemi kwamba kioo, kibodi na panya vinauzwa mbali. Tena hasemi habari ya printa: ya leza inaomba wati mia kadhaa, saa ingine kupita 1000, na inveta ndogo inazimika hapo hapo. Afadhali ya wino.

Sasa familia iliyokimbia, inayolala kwa jirani au kanisani, inaambiwa iuze simu ya baba ipate kompyuta ya mezani. Huo ni wizi wa mchana. Anayeweza kuamka usiku na kukimbia tena anahitaji kitu cha kubeba chenye betri yake. Ni kweli kisanduku kinaingia ndani ya kikapu cha mama, lakini kioo kitabaki nyuma, na bila kioo kisanduku ni jiwe. Kwa familia hiyo simu nzuri inatosha; kama kuna kazi ya kuandika kweli, laptopu, hata ya zamani.

Kuna udanganyifu mwingine. Nyingi ya ndogo hizi ni za mitumba, zilizotumika maofisini Ulaya na Marekani: Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini, Lenovo ThinkCentre Tiny. Ni mashine ngumu, hakuna ubishi. Lakini Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida inataka Intel Core ya kizazi cha 8 kwenda juu. Namba inasomeka: i5-6500T ni kizazi cha 6, i5-8500T ni cha 8. Ile T ya mwisho maana yake inakula umeme kidogo. Ya kizazi cha 6 si ya kutupwa, Linux Mint inaingia bila kulipa chochote, ila isiuzwe bei ya kizazi cha 8 kwa mtu asiyejua kusoma namba hizo.

Muuzaji akikataa kuiwasha na kuonyesha namba hiyo kwenye kioo, mnunuzi arudishe pesa mfukoni.