Uzito wa Taa ya Chemli

Novemba 2025 Doha ilifungua Lawh Wa Qalam, jumba la makumbusho lililoko Education City, kwa heshima ya mchoraji mmoja tu: Maqbool Fida Husain, mzaliwa wa India aliyepewa uraia wa Qatar mwaka 2010 na kufariki London mwaka uliofuata. Vitu alivyovirudia maisha yake yote ni taa ya chemli, mwavuli, wanawake wa kawaida. Vinastahili jumba? Naamini vinastahili, na sababu ni kwamba hakuvichora kama jicho linavyoviona. Katika mchoro wake wa 1956, Between the Spider and the Lamp, wanawake watano wamesimama pamoja. Juu kuna taa, na kwenye mkono wa mmoja wao buibui ananing'inia kwa uzi. Mistari ni minene, miili imekatwakatwa kama mbao. Taa ile haimuliki chumba chochote, lakini ukiiacha picha unaondoka nayo.

Wengi wetu hupima picha kwa kufanana, na tutasema huyu alishindwa kuchora sura. Haiwezekani. Husain alianza kwa kupaka mabango ya sinema Bombay, kazi inayokwisha siku watu wanapopita wasimtambue nyota wa filamu. Kufanana alikuweza, akakuacha kwa makusudi. Mama yake alifariki yeye akiwa mtoto mchanga, asibaki na kumbukumbu ya uso wake. Wanawake wengi aliowachora hawana uso. Angewabunia pua na macho, angekuwa amesema uongo. Mbona hapa kwetu mchoraji Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli, hatukumdai chui afanane na wa mbugani?

Pingamizi zito zaidi ni hili: Doha ilimwagiza achore ustaarabu wa Waarabu, akakamilisha picha zaidi ya 30 kabla ya kufa, ilhali mji wenyewe ulikuwa ukijengwa na vibarua wa kigeni, Waafrika Mashariki wakiwamo. Nakubali, pengo hilo lipo. Lakini haliuhusu mtindo wake. Mtindo ndio unaoweza kuliziba. Mchoraji wa Qatar, Faraj Daham, amewachora wafanyakazi wa barabarani katikati ya alama za tahadhari, vitambaa vimewafunika vichwa na nyuso dhidi ya jua na vumbi. Hata hao uso hauonekani, na bado unajua wamechoka.