Mashine ya juisi: Tazama tunda kwanza, bei baadaye

UKIPITA leo kwenye maduka ya vyombo vya umeme Kariakoo, Dar es Salaam, utakuta mashine za kutengenezea juisi za kila sura na kila bei. Zipo blenda za kawaida, zipo vikamulio vya machungwa vya mkono, na zipo mashine ndefu za kukamua ambazo boksi lake limepambwa kwa picha za karoti na tufaha. Muuzaji atakuambia zote ni nzuri, na huenda hasemi uongo. Swali ambalo hatakuuliza ni hili: nyumbani kwako mnatumia tunda gani?

Kwa familia ya mkulima au mama anayeuza vitafunwa barazani, fedha ya mashine ya juisi ni fedha iliyokwepeshwa kwenye mbolea au ada ya shule. Tena mashine inayonunuliwa kwa matumizi ya nyumbani mara nyingi haikai nyumbani tu. Baada ya miezi michache jirani anaomba jagi moja la sherehe, kisha glasi zinaanza kuuzwa. Ndiyo maana uchaguzi wake unastahili kufikiriwa kama mtaji.

Embe halikamuliwi

Watu wengi huamini kwamba mashine ya kukamua, ile inayotoa maji upande mmoja na makapi upande mwingine, ni blenda iliyoboreshwa. Sivyo. Ni mashine ya kazi nyingine kabisa.

Embe, papai, parachichi na ndizi ni matunda ya nyama. Ukiyatia kwenye mashine ya kukamua, sehemu kubwa ya nyama hiyo itaishia kwenye chombo cha makapi na utaambulia maji kidogo. Haya yanataka blenda, maji safi na chujio. Pasheni nayo ni ya blenda, ila kwa sekunde chache tu, ili nyama iachane na mbegu bila mbegu kusagika.

Chungwa, limau na balungi yanataka kikamulio. Ukisaga chungwa zima kwenye blenda pamoja na mbegu na ule utando mweupe, juisi itakuwa chungu. Kikamulio cha wenzo, kile unachovuta mkono kwenda chini, hakihitaji umeme, hakina mota ya kuungua, na kwa kaya za Muheza au popote penye machungwa ya kutosha, sioni sababu ya kununua kitu kingine.

Karoti, biti na tangawizi ndiyo mali halisi ya mashine ya kukamua. Karoti kwenye blenda hutoa uji. Nanasi liko katikati: linakubali mashine zote mbili, ingawa kwenye blenda hutoa povu na lazima lichujwe.

Ya kasi au ya taratibu?

Mashine za kukamua ziko za aina mbili. Ya kasi ina kisu kama kikwaruzio kinachozunguka maelfu ya mara kwa dakika na kurusha juisi kwenye chujio. Ya taratibu ina parafujo linaloponda tunda kwa mizunguko isiyofika mia moja kwa dakika. Ya taratibu hutoa makapi makavu zaidi, maana yake juisi nyingi zaidi kwa karoti zile zile, na povu lake ni dogo. Lakini bei yake ni mara kadhaa ya nyingine, na tunda lazima likatwe vipande vidogo.

Matangazo husema mashine ya kasi inaua vitamini. Hoja hiyo hutiwa chumvi. Juisi ikinywewa papo hapo, tofauti si ya kumfanya mtu mwenye kipato cha kawaida alipe mara nne. Kinachopotea kwa hakika katika mashine zote za kukamua ni nyuzinyuzi, kwa sababu zimebaki kwenye makapi. Kwa mwenye ng'ombe au nguruwe hasara hiyo ina mlaji, mradi makapi yalishwe siku hiyo hiyo kabla hayajachacha.

Umeme na maji

Geuza mashine utazame kibandiko chake. Tanzania tunatumia volti 230. Vifaa vya mtumba kutoka Japani vimetengenezwa kwa volti 100, na vya Marekani kwa 120. Ukivichomeka bila transfoma, mota inaungua siku hiyo hiyo.

Gharama ya umeme yenyewe ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Blenda ya wati 500 ikifanya kazi dakika 12 inakula sehemu moja ya kumi ya uniti. Tatizo ni kwamba blenda nyingi za nyumbani hazikuundwa kuzunguka mfululizo. Maelekezo yake husema dakika moja au mbili, kisha ipumzike. Anayetaka kuhudumia wateja mchana kutwa kwa blenda ya jikoni anajiandalia safari ya kwa fundi. Na ile sola ya kuwashia taa na kuchaji simu haiwezi kuisukuma, hata muuzaji akisema inaweza.

Halafu kuna jambo ambalo boksi halisemi, nalo ni usafi. Chujio la mashine ya kukamua lina matundu madogo mno, na makapi yakikauka hayatoki bila brashi na maji ya kutosha. Nyumba inayonunua maji kwa ndoo ilihesabu hilo. Blenda inaoshwa kwa kuzungushwa na maji kidogo.

Uliza pia vipuri kabla hujalipa: mpira wa chini ya kisu, kisu chenyewe, jagi. Kama duka linauza mashine lakini halina mpira wake wala halijui unapatikana wapi, hiyo ni mashine ya msimu mmoja.

Si kiwanda

Kwa miaka mingi wakulima wamekuwa wakihimizwa kuongeza thamani ya mazao. Ushauri ni mzuri, lakini umewafanya baadhi waamini kwamba mashine ya jikoni itaokoa matunda yanayooza shambani. Tufanye hesabu. Kwa kikamulio cha mkono, mtu mwepesi anaweza kukamua machungwa manne kwa dakika, yaani 240 kwa saa. Chungwa moja likiwa na gramu 200, hizo ni kilo 48. Lori la tani saba litamchukua saa 146, au siku 18 za saa nane bila kupumzika. Na juisi ya siku ya kwanza itakuwa imeharibika zamani, kwa sababu juisi mbichi isiyochemshwa wala kuwekwa kwenye baridi haidumu hata siku moja kwenye joto la Pwani. Ya tikiti na ya miwa ndiyo huwahi zaidi, kwa kuwa haina ukali wa kuzuia vijidudu.

Kwa mauzo madogo hesabu inaweza kukubali. Tuseme mashine ni Sh150,000 na kila glasi inakuachia Sh200 baada ya kutoa tunda, sukari, maji na umeme. Unahitaji glasi 750 kurudisha fedha. Kwa glasi 25 kwa siku ni mwezi mmoja, kama umeme haukukatika na wateja hawakukimbia mvua. Kumbuka vilevile kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, hivyo chupa au glasi ni gharama ya kuingiza. Mwaka huo huo usimamizi wa ubora wa vyakula ulihamia Shirika la Viwango (TBS) kutoka iliyokuwa TFDA. Mjasiriamali anayetaka kufungasha na kubandika lebo aanzie ofisi ya SIDO ya mkoa wake.

Wapo pia ambao hawahitaji mashine yoyote. Juisi ya ukwaju, ya ubuyu na ya rozela hutengenezwa kwa sufuria, moto na chujio, malighafi yake kavu hukaa miezi, na mteja anayeijua haulizi ilisagwa na nini.

Ukishaamua kununua, nenda dukani na karoti mbili na chungwa kwenye mfuko. Mwombe muuzaji achomeke mashine na aikamue karoti mbele yako, kisha shika makapi uyaminye. Yakidondosha maji, rudisha mashine kwenye boksi lake ujaribu nyingine.