Usihukumu kabla ya siku saba



Mvua zikianza huku kwetu Shinyanga na Geita, kuna kitu unaweza kukutana nacho alfajiri unapotoka kufagia uwanja. Kwenye gogo lililolala tangu mwaka jana, kwenye rundo la pumba au kando ya zizi, pametokea kitu cha manjano, laini, mfano wa yai lililokorogwa. Jana jioni hakikuwapo. Ukirudi mchana, kimesogea. Kesho yake kimekauka na kuwa ganda, na ndani yake mna vumbi jeusi. Hukukipanda, na hakuna aliyekiona kikija.

Swali langu kwako Dominika hii ni hili: neno lako la kwanza litakuwa lipi? Utauliza, "Hiki ni nini?" Au utauliza, "Nani amekileta?" Swali la kwanza litakufundisha kitu. La pili, katika nchi yetu hii, limewahi kumwaga damu.

Nianze na la kwanza. Wataalamu wanawaita viumbe hawa miksomisete. Sisi hapa tuwaite ukungu-ute, ingawa wenyewe si ukungu, si uyoga, si mmea wala si mnyama. Zamani waliwekwa katika kundi la uyoga, lakini leo wanahesabiwa kuwa ndugu wa amiba. Duniani zimekwisha kutambuliwa aina zaidi ya 900. Ule ute wa manjano ni chembe hai moja tu iliyokua mno, nao hutambaa polepole juu ya gogo ukila bakteria na vijidudu vya kuoza. Ukishiba, au pakianza kukauka, hujigeuza kuwa vibofu au vijiti vidogo vyenye vumbi la mbegu, upepo ukachukua vumbi hilo, na maisha yakaanza upya. Haukusumbui wewe wala ng'ombe wako. Mwenye pumu tu asivute vumbi lake.

Huenda utauliza padri anatafuta nini kwenye magogo yaliyooza. Soma Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 4, mwishoni. Mwandishi anapotaka kuonyesha ukubwa wa hekima ya Sulemani, anatuambia kwamba mfalme yule aliweza kuzungumza habari za miti, kuanzia mwerezi mkubwa mpaka kijimea kinachoota ukutani, na habari za wanyama, ndege, samaki na vitambaavyo. Kutazama kitu kidogo kilichoumbwa na Mungu ni sehemu ya hekima.

Sasa tazama jinsi wanadamu wengine walivyokipokea kitu hikihiki. Huko Sweden na Norway, watu wa kale walisema ute wa manjano ni matapishi ya paka wa kichawi, aliyetumwa kuiba maziwa ya majirani akanywa kupita kiasi. Wengine waliuchoma moto wakiamini kwamba aliyemtuma atajitokeza. Waholanzi waliuita siagi ya wachawi. Hata mwaka 1973, karibu na mji wa Dallas huko Marekani, ute huo ulitokea kwenye bustani za watu na kuzua hofu kubwa, mpaka wataalamu walipokuja kuutazama. Kwa hiyo hofu ya kitu kinachozuka usiku si ugonjwa wa Wasukuma peke yao.

Mahali pengi hofu hiyo ilipungua kwa sababu kulikuwa na watu walioketi chini wakatazama. Si wote walikuwa maprofesa. Arthur Lister alikuwa mfanyabiashara wa mvinyo huko London. Mwaka 1894 alitoa kitabu kikubwa juu ya viumbe hawa, na baada yake binti yake Gulielma akakiendeleza. Huko Japani, Minakata Kumagusu, mtu asiyekuwa na shahada ya chuo kikuu, mwaka 1929 alimpelekea Mfalme Hirohito sampuli 110 za ukungu-ute zikiwa ndani ya maboksi ya peremende. Na hapa nyumbani Tanzania, mwanasayansi Marja Härkönen kutoka Finland, pamoja na wenzake, walichapisha mwaka 1991 orodha ya kwanza ya uchunguzi wao wa viumbe hawa katika misitu yetu. Kazi hiyo ingali na nafasi tele kwa kijana wa Kitanzania.

Ukitaka kuanza, huhitaji fedha nyingi. Subiri siku mbili tatu baada ya mvua kubwa, kati ya Novemba na Aprili. Nenda penye kivuli na mti uliokufa: kwenye ngitili, chini ya miembe ya parokia, kwenye marundo ya mabua. Geuza gogo kwa fimbo, si kwa mkono, maana nyoka naye hupenda mahali hapo. Usikaribie mashimo ya machimbo yaliyoachwa. Tazama upande wa chini wa gogo na ndani ya magome. Utaona vishanga vya rangi ya waridi ambavyo ukiviminya hutoa ute, na vikikomaa hugeuka kijivu. Utaona vijiti vya kahawia vilivyosimama pamoja kama brashi ndogo. Kioo cha kukuzia, kama kile cha sonara, kinatosha kwa kuanzia.

Wakati wa kiangazi unaweza kuwaotesha nyumbani. Chukua vipande vya gome kavu la mti ulio hai, uvipange juu ya tishu ndani ya sahani, umwagie maji safi mpaka vilowe, ufunike. Baada ya saa 24 mwaga maji yaliyobaki. Weka mahali penye mwanga lakini pasipo jua kali, kisha tazama kila siku kwa mwezi mzima. Njia hii imetumika tangu mwaka 1933. Ukipata ute unaotembea, uwekee punje chache za oti zile za uji, uone unavyozifuata. Mwaka 2010 watafiti wa Japani walipanga oti kwa mfano wa miji inayouzunguka mji wa Tokyo, na ute ukatandaza njia kati ya oti hizo zilizokaribia kufanana na mtandao wa reli wa huko.

Kila unachokipata, andika tarehe, mahali, aina ya mti, rangi, kama kina kijiti au hakina. Kausha, gundisha ndani ya kiberiti kitupu, ukitunze. Na hapa ndipo utakapojifunza somo kubwa. Ute peke yake kwa kawaida hautoshi kukutajia aina yake. Lazima usubiri ukomae, utoe vibofu vyake, ndipo ulinganishe. Anayetaja jina siku ya kwanza anabahatisha.

Sasa fungua pamoja nami kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 14, kuanzia aya ya 33. Wengi tunairuka. Inahusu madoa ya kijani au mekundu yanayotokea kwenye kuta za nyumba. Angalia utaratibu wake. Mwenye nyumba haruhusiwi kutoa hukumu. Anakwenda kwa kuhani na kueleza anachodhani amekiona. Kuhani anaagiza kwanza vyombo vitolewe, ili mali ya mtu isipotee bure. Anaingia, anatazama, anatoka, anaifunga nyumba siku saba. Siku ya saba anarudi kutazama tena. Madoa yakiwa yameenea, mawe yaliyoathirika yanaondolewa na nyumba inapigwa lipu upya. Yakirudi tena, ndipo nyumba inabomolewa. Yasiporudi, inatangazwa kuwa safi.

Nimeisoma sura hiyo mara nyingi, na kuna jambo moja halimo. Hakuna mahali ambapo kuhani anaagizwa kumtafuta jirani aliyeleta madoa yale. Anatazama ukuta, wala hanyooshei kidole nyumba ya pili.

Mpendwa msomaji, unajua ninakoelekea. Katika mikoa yetu hii bibi zetu wameuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu. Mtoto ameugua, ng'ombe wamekufa, biashara imeanguka, na badala ya kuuliza "Hiki ni nini?" ukoo umekwenda kuuliza "Ni nani?" Mganga mpiga ramli akajibu, maana ndiyo biashara yake. Usiku watu wakaja.

Na yale macho mekundu, nani aliyeketi chini akayatazama? Bibi huyo amepika miaka hamsini kwenye jiko la mafiga lisilo na dirisha, akiwasha mabua na kinyesi kikavu cha ng'ombe, kwa sababu kuni hakuna. Kuni hazipo kwa sababu miti ya Shinyanga ilifyekwa, mingine kwa ajili ya kuangamiza mbung'o, mingine kwa mashamba, mifugo na mkaa. Ndiyo maana mwaka 1986 ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliowarudisha wananchi kwenye desturi ya ngitili, na maelfu ya hekta za miti zikaota tena. Yaani wekundu ule ni moshi, na mara nyingine ni maradhi ya macho yanayotibika zahanati. Ameivishia familia yake chakula kwa macho yake, na sisi tukamlipa kwa panga.

Ndugu zetu wenye ualbino nao wamewindwa kwa sababu hiyohiyo, baadhi ya wawindaji wakitumwa na tamaa ya dhahabu. Wachimbaji wa Geita, ninyi mnanielewa vizuri. Hakuna kati yenu anayenunua jiwe kwa kung'aa kwake. Mnalisaga, mnaliosha kwenye karai, mnatazama kilichobaki chini, ndipo mnaongea bei. Jiwe tunalipima hivyo. Mbona neno la mganga juu ya mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu tunalipokea bila kulipima?

Najua yupo atakayenijibu kwa Biblia. Atasema kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinaamuru mchawi asiachwe hai. Ndugu yangu, usisome nusu. Torati hiyohiyo, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 18, inakataza kwenda kwa mpiga ramli, na sura ya 19 inakataza mtu kuhukumiwa kwa neno la shahidi mmoja, na inaamuru shahidi wa uongo apewe adhabu ileile aliyotaka impate mwenzake. Kwa hiyo aliyekwenda kupiga ramli ili amjue mchawi, Torati anayoitaja imekwisha kumhukumu yeye kwanza. Na sisi Wakristo tuna zaidi ya Torati. Tunaye Bwana aliyeletewa mwanamke na umati wenye mawe mkononi, katika Injili ya Yohane sura ya 8. Aliinama, akaandika chini, akawapa muda. Muda ule ulimwokoa yule mama. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2116, inakataa kila aina ya uaguzi. Huwezi kukomunika asubuhi na jioni ukapeleka kuku kwa mpiga ramli.

Naomba mambo matatu kwa wiki hii. Kwanza, walezi wa Utoto Mtakatifu na walimu wa vipindi vya dini, wapeni watoto sahani, magome na daftari. Mtoto aliyezoea kutazama kitu cha ajabu siku thelathini bila kukiogopa, akiwa mtu mzima hatakimbilia kupiga ramli. Pili, jumuiya ndogondogo, tembeleeni bibi wanaoishi peke yao. Wapelekeeni kuni, watobolewe dirisha jikoni, wapelekwe wakapimwe macho. Tatu, ukisikia jina la mtu limetajwa kwa mganga, usinyamaze. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, polisi, katekista au padri wako, siku hiyohiyo. Ukuta unaweza kungoja siku saba. Bibi aliyekwisha kutajwa jina hana siku saba.

Na asubuhi utakapokiona kile kitu cha manjano kwenye gogo, usikipige wala usikichome. Waite watoto. Chuchumaeni, mkitazame vizuri, na muulizane: "Hiki ni nini?"

Dominika njema.